Slipu Tatu za Sufuri

Kijana wa saiba, duka la intaneti, aliigeuza skrini upande wangu bila kusema neno.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Machi, saa nne asubuhi, pale Magongo, Mombasa. Feni ilikuwa ikizunguka, joto limekaa palepale. Nilikuwa nimempa PIN yangu ya ushuru na kumwomba anijazie ritani, ile fomu ya mapato na ushuru, ya mwaka wa 2025 upesi niwahi sokoni. Miaka yote kazi hiyo humchukua dakika kumi: mwajiri mmoja, P9 moja, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka, sufuri chini, risiti, kwaheri.

Safari hii chini hapakuwa na sufuri. Palikuwa na 19,386.

"Dadangu, unadaiwa," akasema.

"Nadaiwaje? Mimi hukatwa kila mwezi."

Akaupandisha ukurasa juu, akaniwekea kidole. Majina ya waajiri yalikuwa mawili. La kwanza ni la kampuni ya Shimanzi ninakofanya kazi ya ukarani wa bohari, mwaka wa saba sasa. La pili ni la hoteli ya Bamburi nilikokaa mapokezi kwa miezi mitatu tu, Oktoba hadi Desemba, zamu za usiku za wikendi. Mbele ya jina la hoteli, kwenye ushuru uliokatwa, paliandikwa 0.

Kijana akaniangalia, kisha akaangalia mlango, kisha akaniangalia tena.

"Ukitaka, hii ya hoteli twaifuta," akasema kwa sauti ya chini. "Twabakisha moja. Wengi hufanya hivyo."

Nikamwambia asiguse kitu. Nikainuka, nikaenda sokoni, na sikumbuki nilinunua nini.

Paa la Mazeras

Pesa za hoteli hazikuwa za starehe. Nyumba ya mama, Mazeras, ilikuwa imechoka mabati. Vuli ya mwaka juzi alilala usiku mzima akiwa ameketi kwenye kiti, sufuria tatu sakafuni zikipokea maji, na asubuhi aliponipigia simu hakusema lolote kuhusu mvua. Jirani ndiye aliyenieleza. Nilipopata habari kwamba hoteli inatafuta watu wa msimu, sikuuliza mara mbili.

Kila mwezi walinilipa shilingi 24,000 kabla ya makato. Baada ya makato, mkononi ziliingia 21,540. Mara tatu: 64,620. Mbao, mabati, misumari, fundi na msaidizi wake. Desemba ilipokwisha hapakubaki kitu, na sikujuta hata senti. Mama alikuwa na paa.

Kwa hiyo deni la 19,386 lilinikuta sina pesa hizo. Si kwamba nilizificha mahali. Zilikuwa zimepigiliwa misumari juu ya kitanda cha mama yangu.

Sufuri ilitoka wapi?

Jioni ile nilizitoa zile slipu tatu za hoteli kutoka kwenye bahasha. Nilizisoma kama barua ya mahakama. NSSF, ya akiba ya uzeeni, 1,440. SHA, ya bima ya afya, 660. Ushuru wa nyumba, 360. PAYE, ushuru wa mshahara wenyewe, 0.

Zote tatu, PAYE 0.

Nakiri kwamba nilipoziona mara ya kwanza, Oktoba, nilifurahi. Nikajiambia labda kazi za msimu hazitozwi. Labda mshahara mdogo hautozwi. Nilikuwa na majibu mawili matatu kichwani, yote ya kunipendeza, na sikumtafuta mtu wa kuyakanusha.

Kuna wanaoamini kinyume chake. Pale Shimanzi nimesikia mara nyingi kwamba kazi ya pili "inakatwa zaidi," eti kuna ushuru maalumu wa adhabu kwa mwenye kazi mbili. Nimewasikia watu wakikataa vibarua vya halali kwa sababu hiyo. Sasa mimi nilikuwa na karatasi zinazosema sufuri, na skrini inayosema elfu kumi na tisa, na kati ya vitu hivyo viwili sikujua kipi kinadanganya.

Hakuna kilichokuwa kikidanganya. Hilo ndilo lililonichukua wiki tatu kulielewa.

Mitungi

Katika mtaa wetu kuna mzee aliyestaafu kazi ya uhasibu. Jioni huketi barazani na kikombe chake cha kahawa chungu, na watu humletea karatasi zao: barua za benki, mikopo ya sacco, mambo ya mirathi. Nilimwamkia, nikaketi kwenye mkeka, nikampa slipu tatu za hoteli na moja ya Shimanzi.

Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo hoteli haikuwahi kuniuliza.

"Mwanangu, hawa wa hoteli walijua una kazi nyingine?"

Nikanyamaza.

"Basi hebu tuchukue maji," akasema.

Kwetu maji hununuliwa kwa madumu, mkokoteni ukipita, kwa hiyo kila mtu anajua hesabu ya mitungi. Akaniambia nijione nina mitungi mitatu iliyopangwa ukutani. Mshahara wa mwezi ni maji. Huwezi kumimina katika mtungi wa pili kabla wa kwanza haujajaa.

Mtungi wa kwanza unachukua 24,000. Serikali inachota asilimia 10 humo. Wa pili ni mdogo, unachukua 8,333 tu, na humo inachota 25. Wa tatu ni mkubwa, kutoka hapo hadi 500,000, na humo inachota 30. Ipo mingine miwili baada ya hapo, ya asilimia 32.5 na 35, iliyoletwa na Sheria ya Fedha ya 2023. "Hiyo hatuna haja nayo leo," akasema.

Kisha kuna nafuu ya kibinafsi, shilingi 2,400 kwa mwezi, ambayo hupunguzwa kwenye ushuru wako.

"Asilimia kumi ya elfu ishirini na nne ni ngapi?" akaniuliza.

Elfu mbili na mia nne.

Nilikaa kimya nikilifikiria hilo. Ina maana mtungi wa kwanza ni kama wa bure. Unachotwa kwa mkono mmoja na kurudishiwa kwa mkono wa pili, kiasi kilekile.

Sasa hoteli. Mshahara wao, 24,000, ukitoa NSSF, SHA na ushuru wa nyumba, unabaki 21,540. Tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo ya SHA na nyumba huondolewa kwanza kabla ushuru haujahesabiwa, jambo ambalo kwa mwenye mshahara ni nafuu kidogo. Hizo 21,540 zote zinaingia katika mtungi wa kwanza na hazijafika hata mdomoni. Ushuru wake ni 2,154, nafuu ni 2,400, matokeo ni sufuri. Mhasibu wa hoteli alipiga hesabu sahihi kabisa kwa mtu aliyekuja kwake na mitungi mitupu.

Ila mimi sikuwa na mitungi mitupu.

Shimanzi hunilipa 50,000. NSSF 3,000, SHA 1,375, nyumba 750, inabaki 44,875. Mtungi wa kwanza umejaa. Wa pili umejaa. Katika wa tatu tayari yamo maji ya 12,542. Na ile nafuu ya 2,400 nimekwisha kuitumia huko, kila mwezi. Mtu mmoja ana nafuu moja, hata akiwa na waajiri wanne.

Kwa hiyo kila shilingi ya hoteli, kuanzia ya kwanza, ilikuwa ya mtungi wa tatu. Asilimia 30 ya 21,540 ni 6,462. Mara miezi mitatu.

19,386.

Mzee aliiandika kwa kalamu ya risasi pembeni mwa slipu, akaichora mstari chini, akanirudishia. Kumbe hakuna ushuru wa kazi ya pili. Kuna ushuru wa mtu. Kazi zinakuja na kuondoka, hesabu inamfuata mwenye PIN.

Hasira yangu, na nilipoifikisha

Nilielewa, lakini sikutulia. Kuelewa hesabu ni jambo moja, kuikubali ni jambo jingine.

Zamu zangu zilianza saa mbili usiku. Ijumaa nilitoka Shimanzi saa kumi na moja jioni, nikabadilisha nguo kwa rafiki pale Mwembe Tayari, nikapanda matatu ya kuvuka daraja la Nyali pamoja na watu wanaorudi kwao kulala. Saa tisa usiku, wageni wamelala, upepo wa bahari unaingia mpaka kwenye kaunta, mtu unajibana mkono ili usinzie. Na pesa hizo ndizo zinazochotwa tatu katika kumi? Kwa nini jasho la usiku litozwe kuliko jasho la mchana?

Nililibeba swali hilo kwa siku kadhaa. Nililipeleka kazini, nililirudisha nyumbani. Na kila nilipoligeuza lilinirudishia swali jingine: mwenzangu ambaye angelipwa na mwajiri mmoja jumla ya pesa zilezile angetozwa kiasi gani? Nilipiga hesabu, nikapiga tena. Karibu kilekile. Kama mimi ningekatwa pungufu kwa sababu tu pesa zangu zimetoka milango miwili, yule wa mlango mmoja ndiye angekuwa na haki ya kulalamika.

Basi hasira yangu ikahama. Sikuweza tena kuikasirikia ile asilimia 30. Niliikasirikia ile siku ya kwanza hotelini.

Fomu waliyonipa ilikuwa na kurasa mbili. Iliuliza PIN. Iliuliza nambari ya SHA, ya NSSF, jina la mtu wa karibu iwapo nitapatwa na jambo, na saizi ya sare. Iliuliza kama nina mzio wa chakula. Haikuuliza kama nina mwajiri mwingine. Katika mfumo ambao mwajiri hutumia kila mwezi kupeleka PAYE, kuna mahali pa kuonyesha kama huyu ni mfanyakazi wako wa msingi au wewe ni mwajiri wake wa pili, na ukionyesha kwamba ni wa pili, nafuu haitolewi. Alama moja tu. Sheria inalijua jambo hili, kompyuta inalijua, mhasibu analijua. Asiyelijua ni yule anayeingia mlangoni na bahasha ya vyeti, na ndiye atakayelipa.

Hata hivyo, alama ile peke yake isingeniokoa kabisa, na nataka mtu mwingine asije akaitegemea kama nilivyotaka kuitegemea mimi. Kama hoteli ingeninyima nafuu lakini ikaanza kuhesabu kutoka mtungi wa kwanza, ingenikata 2,154 kwa mwezi. Miezi mitatu ni 6,462. Bado ningebaki na deni la 12,924. Hoteli haioni slipu ya Shimanzi na haina namna ya kujua mitungi yangu imejaa mpaka wapi. Anayeona pande zote mbili ni mwenyewe, na ile ritani ya mwaka.

Nilichokinyamazia

Mzee aliponiuliza kama hoteli ilijua, nilinyamaza kwa sababu jibu halikuwa jepesi.

Hawakuuliza, ni kweli. Lakini pia mimi sikutaka waulize. Niliogopa kwamba wakijua nimeshinda Shimanzi mchana kutwa nikihesabu kontena, watasema nitasinzia kaunta, wamchukue mwingine. Bosi wangu wa Shimanzi alijua, nilimwomba ruhusa na akanipa kwa maandishi. Hoteli sikuwaambia. Siku ya mahojiano nilisema "nimewahi kufanya kazi ya ukarani," nikaiacha sentensi hapo, katika wakati uliopita.

Kwa hiyo ninapoandika kuhusu fomu isiyouliza, naandika pia kuhusu mimi nisiyesema.

Na kuna lile pendekezo la saiba. Nisiseme uongo, lilinikaa kichwani. Usiku wa tatu nililiona si pendekezo baya. Hoteli yenyewe ilikata sufuri, nani atajua? Kisha nikakumbuka kwamba jina la hoteli halikuandikwa na mimi wala na yule kijana. Lilikuja lenyewe kwenye fomu. Hoteli ilikuwa imeshapeleka PIN yangu na mshahara wangu kila mwezi, na hiyo 0 yao pia. Kulifuta jina hilo kungekuwa kutia saini kwamba sikupata nilichokipata, mbele ya mtu anayejua kwamba nilikipata.

Sababu nyingine ni ngumu zaidi kuieleza. Juni 2024 nilisimama kando ya Moi Avenue nikiwatazama vijana wakipita na bendera kupinga ushuru mpya, na nilikuwa upande wao kwa moyo wangu wote. Muswada wa Fedha wa mwaka ule uliondolewa tarehe 26, baada ya watu kufa. Sijabadilisha maoni yangu kuhusu namna pesa zetu zinavyotumiwa. Ninaponunua maji kwa mkokoteni katika jiji lenye mabomba, sihitaji mtu anifundishe uchungu wa mlipa ushuru. Lakini nilijiuliza, wiki ile ya pili: nitasimamaje kudai hesabu ya pesa za umma nikiwa na ritani niliyoifuta mstari? Swali hilo sikuweza kulizunguka. Nimejaribu.

Tarehe nyingine

Nilirudi kwa mzee kumwambia nimeamua kulipa, nitatafuta pesa taratibu mpaka Juni.

"Mpaka Juni?" akaweka kikombe chini. "Usingoje Juni, mwanangu."

Hili ndilo nililotaka kuliandika kwa herufi kubwa tangu mwanzo. Sote tunaijua tarehe 30 Juni, foleni zake, mtandao wake unaokwama usiku wa mwisho. Hiyo ni tarehe ya kuwasilisha ritani. Deni lenyewe, kama lipo, linatakiwa liwe limelipwa kufikia tarehe 30 Aprili, miezi minne baada ya mwaka kwisha. Kwa mtu mwenye kazi moja tofauti hii haina maana yoyote, maana hana deni, na ndiyo sababu haisemwi. Kwa mtu wa kazi mbili ni miezi miwili ya faini.

Kuchelewa kulipa ni asilimia 5 ya deni papo hapo, kwangu ingekuwa shilingi 969. Juu yake riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi, shilingi 193 na senti. Kuchelewa kuwasilisha ritani ni kosa jingine mbali: shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, chochote kilicho kikubwa. Anayezidiwa anaweza kuandika kuomba kulipa kwa awamu, ila riba haisimami kumngoja.

Nikafanya hivi. Nilirudi saiba, nikamwambia kijana awasilishe ritani kama ilivyo, waajiri wote wawili. Alinitazama tu, hakubisha. Mwisho wa Machi nikalipa 10,000 kwa simu, pesa ambazo zilikuwa za zamu yangu ya chama. Tarehe 24 Aprili nikalipa 9,386. Mfumo unakubali ulipe deni vipande vipande, kila kipande na hati yake ya malipo. Nilizichapisha zote mbili nikaziweka kwenye bahasha moja na zile slipu za sufuri.

Usiku mmoja ni shilingi ngapi

Baada ya kulipa nilikaa na kalamu nikapiga hesabu niliyopaswa kuipiga Septemba.

Zamu zilikuwa 39. Nauli ya kwenda na kurudi, shilingi 200. Nilipokuwa nikidhani zile 21,540 zote ni zangu, kila usiku ulikuwa ukiniingizia 1,457 baada ya nauli. Baada ya ushuru, kila usiku uliniingizia 960.

Nauli hiyo, hata hivyo, haipunguzi ushuru wowote. Mwajiriwa hawezi kuitoa nauli ya kwenda kazini kwenye hesabu ya ushuru.

Je, ningeikataa kazi kwa 960? Nimelifikiria sana. Hapana, nisingeikataa, paa lilikuwa likivuja. Lakini ningejua. Ningemwambia fundi tutengeneze upande wa chumba cha kulala kwanza, sebule isubiri. Kila mwezi ningetenga 6,500 kwenye akaunti ya sacco nisiyoigusa, na Machi yangu ingekuwa Machi kama nyingine. Kilichoniuma si kutoa pesa. Ni kuzitoa mara ya pili, baada ya kuzipenda na kuzipa kazi.

Wengine niliowaona

Tangu nianze kulizungumza hili, watu wananivuta pembeni kunionyesha karatasi zao. Karibu hakuna anayefanana nami sawasawa.

Binamu yangu huendesha sherehe za harusi. Mwaka jana hoteli moja ilimpa mkataba wa miezi miwili, shilingi 30,000 kwa mwezi, na haikumwajiri, ilimlipa kama mtoa huduma. Walikata asilimia 5, akapokea 28,500, akaamini amemaliza. Hajamaliza. Kwa mkazi wa Kenya ile asilimia 5 ni malipo ya awali tu, pesa zote zinarudi kwenye ritani na kuingia mitungini, na kile kilichokatwa kinahesabiwa kama alichokwisha kulipa. Ila yeye ana faida nisiyokuwa nayo: ile ni biashara, kwa hiyo spika alizokodi na mafuta ya gari la vyombo anaweza kuyatoa kama gharama, mradi ana risiti. Alipoulizwa risiti alicheka. Nilimwambia aanze leo.

Mama mmoja wa Mikindani alifanya kazi Desemba na Januari, akadhani ni jambo moja. Ni miaka miwili. Mwaka wa ushuru kwa mtu binafsi ni Januari hadi Desemba, kwa hiyo slipu yake ya pili itangoja ritani ijayo, na asipoiweka vizuri itapotea kabla haijahitajika.

Kuna pia vibarua wa kweli. Sheria ya Ajira ya 2007 inamwita kibarua yule anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Wengi wa msimu pwani huitwa vibarua kwa mdomo huku wakiwa na mkataba wa miezi mitatu. Ukiwa na mkataba na slipu ya mwisho wa mwezi, wewe ni mwajiriwa, waite watakavyokuita.

Na aliyenigusa zaidi ni binti wa jirani. Alifanya kazi miezi minne tu mwaka mzima, mshahara mzuri, akakatwa PAYE kila mwezi kana kwamba atalipwa hivyo mwaka wote. Alikuwa hataki hata kufungua ritani, akiogopa yaliyonipata mimi. Kwake maji yanakwenda upande mwingine. Mitungi hupimwa kwa mwaka, na wake wa mwaka haukujaa kama walivyodhani, kwa hiyo huenda yeye ndiye anayedai. Tuliijaza pamoja, jioni, kwenye simu yake. Chini palitokea nambari yenye alama ya kutoa mbele yake. Aliniuliza maana yake mara tatu.

Ujumbe

Wiki iliyopita hoteli ilinitumia ujumbe. Wanatafuta watu wa Agosti, zamu zilezile, mshahara uleule.

Sikujibu siku hiyo. Siku ya pili niliandika, nikafuta, nikaandika tena, kisha nikautuma kwa mhasibu mwenyewe, si kwa ofisi ya wafanyakazi:

"Habari ya kazi. Nitafurahi kurudi. Nina mwajiri mwingine tangu zamani, mwaka jana sikuwaambia. Naomba mniandikishe kama mwajiriwa wa pili, bila nafuu. Nikiwaletea slipu yangu ya kule, je, mnaweza kunikata asilimia 30 kila mwezi ili nisidaiwe Aprili? Na je, mnaweza kuongeza swali hilo kwenye ile fomu ya kurasa mbili, kwa wote?"

Jibu lilikuja baada ya saa mbili.

"Hakuna aliyewahi kuomba akatwe zaidi. Nipe mpaka Jumatatu niulize."

Leo ni Alhamisi. Mazeras imenyesha tangu alfajiri, na mama amepiga simu kuniuliza kama nimekula.